Ng'ombe wa Shukrani

Ninyi mnaoanza kukabidhiwa shule za kanisa, zahanati za kanisa na majiko ya kanisa, nataka niwaeleze jambo lililonishtua nikiwa mtu mzima, nimeshapika zaidi ya nusu ya umri wangu, nikidhani hakuna tena kitu jikoni kinachoweza kunishtua. Nilikuwa nimeona moto umepanda hadi dari. Nilikuwa nimemwona fundi wa gesi akiwasha kiberiti ili aone panapovuja. Hayo hayakunitetemesha kama nilivyotetemeka siku ile ya sherehe, mchana kweupe, watu wamevaa vizuri na kwaya inaimba.

Jina langu ni Wakesho. Watu wa Tononoka waniita Dada Wakesho hata sasa nina wajukuu, kwa kuwa nilianza kuwa dada wa watu mapema. Baba alikuja Mombasa kutoka Taita kufanya kazi ya reli. Alipofariki, na mama akamfuata muda si muda, mimi nilikuwa darasa la sita na nyuma yangu walikuwapo wanne. Nikaacha shule. Watu hupenda nihadithie jambo hilo kwa machozi, lakini ukweli ni kwamba asubuhi ile hapakuwa na mtu mwingine wa kuwasha jiko, basi nikawasha.

Baadaye, nilipokuwa msimamizi, nilipelekwa kwenye semina za uongozi, zile za makabrasha yanayong'aa na chai ya saa nne. Nikaelezwa uwakili wa Kikristo kwa michoro ya mishale, huu wapanda, huu washuka. Mishale sikuielewa. Mimi uwakili nilifundishwa na mwanamke mmoja na mjusi mmoja.

Mwanamke ni Mama Salome, aliyelianzisha jiko letu. Lilikuwa nyuma ya kanisa, pale Tononoka inapoanza kuelekea Mji wa Kale. Tulipika chakula cha mchana cha watoto wa chekechea za mitaani, cha wagonjwa wasio na jamaa wa kuwaletea, na cha vibarua waliotoka bandarini na njaa ya mtu aliyebeba magunia tangu alfajiri. Wakristo kwa Waislamu, wote walikula kwetu. Arusi na misiba pia walitukodi.

Sasa mjusi. Siku moja mbaazi zimeiva, tui zito limetiwa, zimebaki dakika chache tupakue. Wenzangu wa zamani wanajua kwamba tui la kwanza hutiwa mwisho, na likishatiwa hulifuniki wala huliachi, unalikoroga taratibu lisikatike. Ndiyo maana sufuria ilikuwa wazi. Mjusi akateleza kutoka kwenye boriti, chubwi, akaingia ndani. Tulioona ni mimi na mpishi mwenzangu Kadzo, Mgiriama mwenye mikono myepesi na maneno mepesi zaidi. Kadzo akamtoa na mwiko, akamrusha dirishani, akasema, "Alikuwa mmoja tu, tena mdogo. Keshajipika mwenyewe."

Mama Salome alikuwa nyuma yetu. Hakutugombeza. Aliishusha sufuria, akajifuta mikono, akatoka nje kwenye mabenchi walikoketi vibarua.

"Mjusi ameanguka kwenye mbaazi," akasema. "Leo ni wali mkavu na chai. Mniwie radhi."

"Mjusi mkubwa au mdogo, Mama?" mmoja akauliza.

"Ah, Mama Salome, si ungenyamaza tu tukala!" mwingine akalalama. "Tumbo langu halikuuliza kitu!"

Wakacheka, naye akacheka nao, wakala wali mkavu. Aliporudi ndani alituambia maneno machache, nami sijapata kusikia mahubiri marefu yaliyonifaa kuliko hayo. "Anayekula hana dirisha la kuchungulia jikoni. Dirisha lake ni sisi. Mungu hakutupatia jiko hili, ametukabidhi macho ya watu wale tuwaangalilie."

Kadzo alinuna mpaka jioni. Alisema Wakristo wa bara hawajui kwamba mjusi hana sumu.

Kulikuwa na desturi nyingine ya Mama Salome ambayo wageni kutoka bara iliwashinda kuielewa. Kila tulipokuwa na ng'ombe au mbuzi wa sherehe, hata sherehe ya kanisa, hata Krismasi, alikuja kuchinja Maalim Athumani. Alitembea kutoka Mji wa Kale na kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa cheupe, akaingia kwa lango la kanisa kama mtu aingiaye kwa shemeji yake.

"Hodi Wakristo! Leo mna ng'ombe au mwaniitia yule mnyama wenu mwenye pua fupi?"

"Yule tulimla jana, Maalim, umechelewa," Mama Salome alimjibu. "Leo ni ng'ombe. Karibu, na ukae ule, usitukimbie kama mwaka jana."

"Mwaka jana wapishi wako walichoma wali, Mama. Mimi ni mtu wa amani, lakini si kwa wali ule."

Mpishi mmoja mgeni aliwahi kumuuliza Mama Salome kwa nini kanisa linaita Mwislamu kuchinja ilhali wazee wa kanisa wana mikono. Mama Salome hakumpa somo. Alimwambia, "Kwa sababu Bi Zuhura atakula."

Bi Zuhura alikuwa bibi wa Mji wa Kale, wa jamaa za asili ya Kiarabu walioishi pale vizazi na vizazi. Wakati jiko letu lilipokuwa changa, yeye ndiye aliyewaambia kina mama wa kichochoroni kwake kwamba chakula cha kanisani ni safi, wapeleke watoto. Maneno yake yalikuwa kama muhuri. Kila sherehe yetu aliketi mbele, leso mbili zimepigwa pasi, akituchambua. Alisema mato yake yamepungua nuru lakini pua yake yaona mpaka ng'ambo ya Feri.

Mama Salome alipofariki, jiko nikaachiwa mimi. Yalikuja mambo mapya. Kuni zikatoka, gesi ikaingia. Tulizoea kuupalia wali makaa juu ya kifuniko, na gesi haina makaa, basi mwaka mzima tulilisha watu wali wenye viini. Mwishowe tukajifunza kufunika kwa kitambaa kilichoroweshwa na kukandamiza kifuniko kwa jiwe, moto ukiwa mdogo kabisa. Ikaja kamati ya usimamizi, ikaja mihtasari, zikaja simu ambazo mtu hukuuliza "mumefikia wapi" wakati mikono yako imo kwenye unga. Sikulalamika. Sheria yangu kwa wapishi ilikuwa moja: usimpigie mtu kelele akiwa karibu na moto, mwite kando, mfokee kando. Na mkubwa wa jiko hula mwisho. Kama kumebaki ukoko, ndio wake. Nimekula ukoko mwingi sana, wanangu, na meno yangu ni shahidi.

Kisha tukapata mwenyekiti mpya wa kamati, Bwana Ezra.

Mkinisikia nikimsema, msidhani alikuwa mwizi. Afadhali angekuwa mwizi, maana mwizi twajua jinsi ya kumkamata. Bwana Ezra alitoka bara, akafanya kazi miaka mingi katika ofisi za mambo ya meli, akastaafu na jina safi. Alikataa posho ya vikao. Paa lilipovuja, alipanda mwenyewe na fundi. Aliomba kwa magoti, suruali zake zilipauka magotini. Ndiye aliyesimamia ujenzi wa jiko letu jipya, na lilipokamilika, tukakubaliana tufanye sherehe ya kulifungua, tualike majirani wote, na mgeni rasmi awe kiongozi wa kanisa kutoka makao makuu. Muumini mmoja, ambaye mwanawe alikuwa amepona ugonjwa mzito, akaleta ng'ombe wa shukrani.

Tulikaa kikao kupanga.

"Dada Wakesho," mwenyekiti akaniuliza, "hii ni taasisi ya Kikristo au si ya Kikristo?"

"Ni ya Kikristo, Mwenyekiti."

"Na ng'ombe huyu ametolewa kwa shukrani mbele za Mungu wetu."

"Ndiyo."

"Basi kwa nini tumwite mtu wa dini nyingine amsomee maneno yake?"

"Kwa sababu tumealika majirani, nao watakula."

"Asiyetaka atakula mboga."

"Hilo halina ubaya," nikamwambia. "Tuwaambie mapema. Tuweke sufuria mbili, kila mtu ajue hii ni ipi na ile ni ipi. Watatuelewa."

Akakunja uso. "Sufuria mbili? Mgeni rasmi aje aone tumewagawa watu kwa sufuria?"

"Basi Maalim aje, tupike moja."

Wajumbe wakasema Maalim aje kama kawaida. Tukafunga kwa sala, na aliyesali ni Bwana Ezra, sala nzuri, hata nikasahau kwamba tulikuwa tumebishana.

Asubuhi ya sherehe nilifika nikakuta nyama imeshakatwa, imo kwenye mabeseni, damu imeoshwa uani. Bwana Ezra alikuwa amekunja mikono ya shati, uso wamng'aa.

"Leo mmeniwahi," nikamwambia. "Maalim yuko wapi nimwandalie chai?"

"Alikuja mapema, akaondoka," akasema. "Ana shughuli. Atarudi kula."

Nikaingia jikoni, nikafunga leso kiunoni. Ile ilikuwa pilau ya sufuria kubwa ambazo mwiko wake ni kama kasia. Kadzo alikaanga vitunguu mpaka mtaa mzima ukanyamaza kuvuta pumzi. Sikumbuki siku nyingine niliyopika kwa furaha kama ile.

Adhuhuri ilipopita, hema zilikuwa zimejaa. Majirani walitoka Buxton, Tononoka, Mji wa Kale, hata vibarua walikuja wameoga. Kina mama wa Kiislamu waliketi kwenye mikeka, sinia moja watu watano, na Bi Zuhura katikati yao. Mgeni rasmi alikuwa meza kuu na mwenyekiti ubavuni mwake. Sinia zikatoka, mvuke wapaa, maji ya kunawa yapita.

Hapo ndipo Maalim Athumani alipoingia langoni, kanzu nyeupe, hana kisu. Nikamwendea nikicheka.

"Maalim! Leo kisu chako kilikuwa na baraka. Nyama imelainika kabla sijaiambia."

Akasimama. "Kisu kipi, Dada?"

"Chako."

"Mimi leo sijatoka nyumbani mpaka saa hii. Si mlimtuma bawabu wenu aniambie nyama mwaka huu mmenunua buchari, nipumzike nije kula tu?"

"Nani alimtuma?"

"Alisema mwenyekiti."

Niliona mdomo wa Maalim waendelea kusema lakini sauti haikunifikia. Nilikuwa nimeona yule ng'ombe jana yake amefungwa uani, akila majani. "Maalim," nikasema, "ng'ombe amechinjwa hapa hapa."

Akanitazama. "Na nani?"

Nilipita kati ya viti mpaka meza kuu, nikainama kwenye sikio la Bwana Ezra. "Nani alichinja?"

Hakushtuka. Hilo ndilo lililonishtua kwanza. Alinijibu kwa upole, kama amjibuye mtoto. "Mzee mmoja wa kanisa. Tulimwombea ng'ombe vizuri. Rudi jikoni, Dada."

"Watu waanza kula!"

"Asiyejua hana kosa. Kama kuna kosa, nimelibeba mimi mbele za Mungu wangu."

Nilimtazama mtu huyu aliyekataa posho, mwenye suruali zilizopauka magotini. Alikuwa ameniambia uongo asubuhi, akamtumia Maalim uongo mwingine, na moyo wake ulikuwa umetulia kama maji ya mtungini. Alidhani ni ibada. Wanangu, mpaka leo nikikumbuka utulivu ule, mwili wanisisimka.

Mwanakwaya alikuwa ameshika kipaza sauti. Nikakichukua.

"Keti, Dada Wakesho," mwenyekiti akasema. "Usituaibishe mbele ya mgeni."

Nikasema, na sauti yangu ilitoka kwenye vile vispika kama ya mtu mwingine: "Ndugu zangu Waislamu, nawaomba mtoe mikono kwenye sinia. Ng'ombe huyu hakuchinjwa na Maalim Athumani. Tumemchinja sisi wa kanisa, na hamkuambiwa. Mimi niliyewaalika nimejua sasa hivi. Naomba mtusamehe."

Kwaya ilikatika katikati ya neno. Mama mmoja akaingiza kidole kinywani mwa mwanawe akakitoa kile chakula, mtoto akaanza kulia kwa sababu kilikuwa kitamu. Nami nilikuwa namtafuta Bi Zuhura kwa macho, nikimwomba Mungu awe bado ananawa.

Alikuwa ametia tonge kinywani. Shavu lake lilikuwa limejaa. Alibaki hivyo, hatafuni, ananitazama. Kisha akachukua pembe ya leso yake safi, akaliteremsha tonge humo polepole, akaifunga kifundo. Aliinuka akishikwa mkono, akatoka na kile kifundo mkononi.

Watu walimzunguka Maalim wakimuuliza wafanye nini waliokwisha kumeza. Aliwajibu kwa sauti ya chini, lakini sote tulisikia. "Nyama ya watu wa Kitabu ina maneno yake, na wanavyuoni wana kauli zao, tutaulizana kwa utulivu. Aliyekula hakujua, hana lawama. Lakini kufichwa, jamaa, hakuna kauli mbili." Akanawa mikono, ingawa hakuwa amegusa sinia yoyote, akaondoka. Hakuniaga.

Kesho yake sufuria za chekechea zilirudi zimejaa kama zilivyokwenda. Watoto walikuja shuleni na vyakula vya kwao, na wale ambao kwao hapana kitu walikaa wakiwatazama wenzao. Mabenchi ya vibarua yalikuwa matupu nusu, kwa sababu hata Wakristo walisema kama wanaweza kuwaficha wale, sisi wanatuficha nini? Jiko jipya, marumaru zinang'aa, na wapishi wamekaa wakitazamana.

Nikaitwa kwenye kamati. Nilijua Bwana Ezra angeulizwa, na aliulizwa. Hakukana hata neno moja. Alieleza kwamba sadaka ya shukrani haikupasa kusomewa dua nyingine, na kwamba hakutaka kuwakwaza majirani, ndiyo maana akawaficha. Hilo lilikuwa limeshanishtua, sikuwa na mshtuko wa akiba. Kumbe nilikuwa nao. Maana alipokuwa akieleza, niliona wajumbe watatu wakitikisa vichwa kwa kukubali. Watu wazima, wazazi, waalimu wa shule ya Jumapili. Mmoja akaniambia, "Dada, kosa lako ni kulisema kwenye kipaza sauti. Ungengoja wageni waondoke, tukalimaliza ndani kama familia."

"Wangeondoka na nini tumboni?" nikamuuliza.

Wakaamua niombe radhi kwa kulidhalilisha kanisa, nami nikakataa. Nikawaambia, "Mwaweza kunitoa, jiko si langu. Lakini si lenu pia, hata mpate kulitumia kuwalisha watu wasichokijua." Wakasema jiko likiendelea kukaa bila walaji mpaka mwisho wa mwezi, litafungwa, wapishi waende makwao. Na wale watoto wasio na chakula? nikauliza. Wakasema tutaliombea.

Nilikwenda kwa Bi Zuhura. Nilizunguka kichochoro chake mara kadhaa kabla ya kupata ujasiri wa kubisha.

"Hodi gani hiyo ya chini chini kama mwizi wa kuku? Ingia!"

"Shikamoo, Bi Zuhura."

"Marahaba. Keti. Usikae mlangoni wazuia upepo." Akakunja tambuu, akaitia kinywani. "Umekuja kunambia si wewe."

"Ulinisikia siku ile. Sikuja kujitetea."

"Basi umekuja kufanyani?"

"Jiko litafungwa. Watoto wa kichochoro hiki wanakaa na njaa. Nimekuja kukuuliza nifanye nini ili uamini tena chakula chetu, na ukisema hakuna, nitakubali."

Akatafuna tambuu yake. "Salome alikuwa rafiki yangu," akasema. "Wajua tulikutana vipi? Alimwaga sufuria nzima ya mchuzi mbele ya mlango wangu kwa sababu paka alitia mdomo. Nikasema, huyu mwanamke ni wazimu, au ni mwema." Akajifuta midomo. "Nitafutie kigoda. Nitakuja nikae humo jikoni mwenu."

"Kufanya nini, Bi?"

"Kuangalia. Kwani nyinyi mna siri?"

Alikuja siku iliyofuata na siku zote zilizofuata. Kigoda chake kilikuwa karibu na mlango ambapo aliona jiko na barabara pamoja. Hakuna kilichoingia sufuriani asichokinusa. Kila kilichoshuka garini alikiuliza kimetoka wapi, nani amekichinja, nani amekichuna. Kadzo alikuwa karibu kulia.

"Huu ni mchuzi, Kadzo, au maji ya kumwoshea paka?"

"Ni mchuzi, Bi."

"Uambie basi na wenyewe ujijue."

Kina mama waliokuwa wakienda sokoni walipita wakamwona. "Bi Zuhura, wafanyani humo?" "Nachunga," aliwajibu. Walisimama kidogo, wakaenda. Siku chache baadaye vibarua wakarudi, kwanza wawili watatu, kisha benchi zima. Chekechea moja ikaagiza uji. Lakini yeye mwenyewe hakula. Mchana ulipofika alifungua bakuli alilotoka nalo nyumbani, akala chakula chake mbele yetu, akaosha bakuli lake. Na watu wa Mji wa Kale walijua kwamba hajala kwetu, nao wakangoja. Mwisho wa mwezi ulikuwa unakuja.

Nami nilianza kuelewa kwamba Bi Zuhura hangoji chakula kiwe safi. Kilikuwa safi. Alikuwa anangoja kitu kingine, na mimi sikuwa nacho cha kumpa.

Asubuhi moja tukiwa tunapika wali wa nazi, mlango ukaingia giza. Alikuwa Bwana Ezra. Hakuwa ameingia jikoni tangu sherehe. Alikuwa amevua kofia, ameishika kwa mikono miwili.

"Bi Zuhura," akasema, "mimi ndiye Ezra."

"Wewe ndiye uliyenilisha."

"Ndiye."

"Kwa nini?"

Akaanza kueleza habari za sadaka, na shukrani, na yule mtoto aliyepona. Bi Zuhura akainua mkono.

"Sikukuuliza habari za Mungu. Mungu twamjua sote. Nimekuuliza, kwa nini hukunambia?"

Bwana Ezra akaigeuzageuza kofia mikononi. Nilimwona akitafuta jibu kule anakoyatolea majibu yake siku zote, asilipate. Sufuria zilikuwa zikichemka. Hakuna aliyekoroga.

"Kwa sababu," akasema, "nilijua ungekataa."

Ninyi mtakaoongoza watu wa Mungu, nimeishi miaka yote hii sijasikia mtu akisema jambo zito kama hilo kwa maneno machache kama hayo. Lilinishtua kuliko uongo wake. Nadhani lilimshtua yeye mwenyewe, maana alishika mwimo wa mlango kama mtu aliyepewa habari za msiba, akarudia taratibu, "Nilijua."

"Haya," Bi Zuhura akasema. "Sasa tumeongea. Ondoka kwenye mwanga, nauangalia wali."

Akasogea ndani, akasimama kando ya rafu, hajui aende au akae. Bi Zuhura alinusa mvuke kwa muda. Kisha akasema, bila kunitazama, "Wakesho. Nipakulie."

Nilimpa sahani ya wali na mchuzi wa samaki. Alisema bismillahi yake, akafinya tonge, akalitia kinywani. Wapishi wote walikuwa wamesimama kama sanamu, Kadzo ameshika mwiko hewani wadondoka. Alitafuna polepole sana. Akameza. Akatutazama mmoja mmoja, tulivyokodoa macho.

"Chumvi haijakolea," akasema.

Aliyekuwa karibu na kopo la chumvi alikuwa Bwana Ezra. Akalileta.